Uzi: Wanyama waliopo Tanzania tu duniani, na kwa nini wanatoweka bila jangili

Kwale_wa_Ndundulu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa wanyama walio hatarini humu ndani unaishia kwa tembo na faru. Sina ugomvi nao. Mwaka 2009 tulikuwa na tembo zaidi ya 109,000, kufika 2014 wamebaki 43,000 na ushee, nchi nzima ikashtuka na ilistahili kushtuka. Lakini tembo akiisha kwetu atabaki Botswana, atabaki Zimbabwe. Uzi huu ni wa wale ambao wakiisha kwetu wameisha duniani, maana hawapo penginepo.

Naanza na aliyetuchekesha kuliko wote: chura wa Kihansi.

Wengi wanachokumbuka ni kile kichekesho cha vyura kupanda ndege kwenda Marekani huku wananchi wakining'inia kwenye daladala. Kichekesho kilikuwa kitamu, ila kilifunika habari yenyewe. Chura huyu ni wa manjano, hafiki sentimita 3, na makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 pembeni ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Hekta mbili! Maji yakianguka yanatoa manyunyu usiku na mchana, majani yanalowa muda wote, joto halibadiliki sana. Humo ndimo alimoishi kwa maelfu ya miaka. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, na ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umeshaanza.

Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa karibu na mwaka 2000, sehemu kubwa sana ya maji ikaingia kwenye handaki. Yaliyobaki yakianguka korongoni yalikuwa kama asilimia 10 tu. Manyunyu yakakata. Mwisho wa mwaka 2000 wakakusanywa vyura 499, wakapelekwa kwenye bustani za wanyama za Marekani. Kule nako ilikuwa vita: walikufa wengi mpaka kufikia mwisho wa 2004 wakabaki chini ya 70, kwenye bustani mbili tu, Bronx na Toledo. Walipojifunza mwanga gani wanautaka na wadudu wadogo wa aina gani wanakula, ndipo wakaanza kuongezeka.

Huku nyumbani yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni ili kuiga manyunyu ya zamani. Na yalifanya kazi, watu hawalisemi hili. Katikati ya 2003 walikadiriwa kufika karibu 20,000. Miezi michache baadaye, Januari 2004, watafiti wakawakuta wa kuhesabika kwa vidole. Ulikuwa umeingia ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura, uleule uliomaliza vyura sehemu nyingi za dunia. Wapo wanaotaja viatu vya watafiti, wapo wanaotaja dawa za mashambani zilizoteremka na tope la bwawa. Vyovyote, mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Mwaka 2010 wakarudishwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 zaidi ya 2,000 wakaachiwa tena Kihansi. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake.

Hoja yangu ni hii. Hawa wa kwetu peke yetu hawahitaji jangili mwenye bunduki. Eneo lao ni dogo kiasi kwamba uamuzi mmoja halali kabisa, wenye muhuri na saini zote, unatosha kuwamaliza. Kikosi cha doria hakikamati kitu hapo.

Karibuni.

---

Bin_Shomari

Mkuu umeandika vizuri, ila tuambiane ukweli. Umeme au chura? Mama anajifungua kwa tochi ya simu halafu mimi nilie kwa ajili ya chura wa manjano?

---

Tulizo

Naweka kambi hapa.

---

Kwale_wa_Ndundulu

Bin_Shomari, swali lako ni halali na ndilo lililoulizwa wakati ule. Ila angalia, hakuna aliyezima umeme. Kihansi inazalisha mpaka leo na chura yupo. Kilichofanyika ni kuachia maji kidogo ya lazima na kufunga mabomba. Gharama ilikuwa kubwa kwa sababu moja tu: tulimjua chura tukiwa tumeshamwaga zege. Angejulikana kabla ya kuchora ramani, pengine mtego wa maji ungesogezwa au kiwango cha maji kingewekwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, na hata hizo safari za ndege zisingekuwepo.

Tathmini ya athari kwa mazingira kwetu mara nyingi inakuja kubariki kilichokwisha kuamuliwa. Hapo ndipo penye tatizo, chura kaonewa tu.

---

MamaTegemeo

Ni kweli kwamba huyu chura anazaa? Nilisikia redioni nikadhani wanatania.

---

Kwale_wa_Ndundulu

Kweli kabisa dada. Hatagi mayai majini, hana viluwiluwi vya kuogelea. Anazaa vitoto vilivyokamilika, vidogo kama vichwa vya njiti ya kiberiti. Na hayuko peke yake, ana ndugu zake kadhaa kwenye milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Usambara, Uluguru, Ukaguru mpaka Udzungwa. Vyura wanaozaa ni wachache sana duniani, na sisi tuna ukoo mzima. Baadhi wanajulikana kutoka msitu mmoja tu.

Milima ile imekuwa na unyevu kutoka bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Kila mlima ukabaki kisiwa chenye viumbe vyake. Utajiri wote umetoka hapo, na hatari pia, kwa sababu kiumbe wa mlima mmoja hana pa kukimbilia.

---

Mzururaji wa Kusini

Mkuu hiyo ID yako ya Kwale ina maana gani?

---

Kwale_wa_Ndundulu

Haha, nilikuwa nasubiri mtu aulize. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye misitu ya Udzungwa. Wakati wa chakula wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Ndivyo sayansi ilivyokutana na kwale wa Udzungwa, na akathibitika kuwa ukoo wake wa karibu haupo Afrika, upo Asia. Akapewa jina rasmi mwaka 1994. Wenyeji walikuwa wakimla siku zote.

Hadithi ya kipunji inafanana na hiyo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja nyani fulani mwenye haya, watafiti wakadhani ni ngano za mababu. Kati ya 2003 na 2004 timu mbili tofauti zikamwona, moja upande wa Rungwe na Livingstone, nyingine msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka kule. Alipotangazwa 2005 ikawa habari ya dunia: nyani mpya Afrika baada ya miongo miwili. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake. Hesabu ya 2008 ilitoa takriban 1,100 tu.

Angalieni mpangilio wa mambo: mwenyeji anajua, anayetoa kibali hajui. Kama orodha ya mwenyeji ingekuwa inaulizwa mapema tungeokoa mengi.

---

Mtoto_wa_Mangula

Mimi nimekulia chini ya hiyo milima mnayoiongelea kwa utamu. Naomba niharibu sherehe kidogo.

Kabla ya 2011 tulikuwa tunaruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni, zile kavu zilizoanguka. Akina mama walipanga foleni getini. 2011 ikafungwa jumla. Tukaambiwa tupande miti, tununue majiko banifu. Mti hauoti kwa wiki, na mkaa unauzwa. Wenye hela hawakuhisi chochote. Sasa nyie mkija na hesabu za mbega, sisi tunahesabu mafungu ya kuni. Hamtuulizi tunajua nini, mnatuuliza tumekata nini.

---

Bin_Shomari

Hapo sasa ndipo uzi umeanza.

---

Kwale_wa_Ndundulu

Mtoto_wa_Mangula, siwezi kukupinga kwenye hilo na sitajaribu. Ila naomba niweke upande wa pili, maana upo na ni mzito.

Kuna mbega mwekundu wa Udzungwa, hapatikani kokote nje ya bonde la Kilombero na milima yake. Watafiti wamewahesabu kwa miaka mingi kwa njia zilezile kwenye misitu miwili. Mmoja ni Mwanihana, uliomo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1992. Mwingine ni Uzungwa Scarp, kusini zaidi, ambao kwa muda mrefu ulikuwa hifadhi ya msitu kwenye karatasi, walinzi hakuna. Mwanihana mbega wamebaki palepale. Uzungwa Scarp wameporomoka vibaya. Mvua ileile, miti ileile, mbega yuleyule. Kilichotofautiana ni nani anaingia na anaingia na nini.

Mbega mwekundu anakufa kirahisi kwa sababu ya tabia yake. Anaishi kwa kundi kubwa lenye kelele, juu ya miti mikubwa, anakula majani, na akimwona mtu hakimbii mbali. Kima wa kawaida anajificha, anabadilisha chakula, anavumilia msitu uliokatwakatwa. Ndiyo maana ukienda msitu ulioharibiwa ukakuta kima unaweza kusema "mbona wanyama wapo". Wapo waliobaki.

Kuhusu minde hata sijui nianzie wapi. Ni paa mkubwa kuliko karibu wote wa jamii yake, anafika kilo 50 na zaidi, yupo Tanzania tu, Kilimanjaro, Udzungwa na milima mingine michache. Picha yake ya kwanza porini ilipatikana 2003, kwa kamera ya kujipiga yenyewe. Anamalizwa na mitego ya waya. Waya hauchagui, unamsubiri yeyote, na aliyeutega anaweza kuwa alishausahau.

---

Mtoto_wa_Mangula

Sawa, Mwanihana imesalimika. Ila anayetega waya Uzungwa Scarp si yule mama wa kuni. Mmetufungia wote mlango mmoja.

---

Kwale_wa_Ndundulu

Hiyo naikubali kama ilivyo.

---

Mwana wa Jozani

Assalaam alaykum. Huku Unguja tunaye kima punju, na naona bara hamumtaji.

Kaka, kima punju yupo kisiwa hiki tu, ukiacha wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 70. Ilidhaniwa wamebaki elfu mbili hivi. Walipohesabiwa kisawasawa, matokeo yaliyotoka 2017 yakaonesha zaidi ya 5,800. Watu wakafurahi, na mie nilifurahi. Lakini humo ndani mna la kutia wasiwasi: baadhi yao wanaishi nje ya hifadhi, kwenye vichaka na mashamba ambavyo kila mwaka vinakatwa, na watoto wengi hawafikii ukubwa.

Halafu kuna barabara. Ilipotengenezwa upya pale msitu wa Jozani miaka ya 90, magari yakawa yanapita kama hayana breki na kima wanagongwa. Yakawekwa matuta, vifo vikapungua sana. Matuta tu! Hakuna mkutano wa kimataifa.

Kuna kituko chao kimoja nakipenda. Wanakula mkaa. Majani ya miembe na miti ya mikungu yana sumu, basi kima hushuka kwenye tanuri la zamani akatafuna kipande cha mkaa kikamsaidia tumboni. Watoto hujifunza kwa mama zao. Sasa ukimwona kima na mkaa mdomoni usidhani kafilisika.

---

MamaTegemeo

😂😂 Kafilisika!

---

Mwana wa Jozani

Na kwa yule kaka wa Mang'ula, nina mfano wa Pemba. Popo wa Pemba, wale wakubwa wenye mabawa ya mita moja na nusu, miaka ya 80 mwishoni walikuwa wamebaki wachache mno. Waliliwa, na miti yao ikakatwa. Waliosalia sehemu kadhaa walikuwa kwenye makaburi na misitu ya mizimu ambako mtu hathubutu kupiga bunduki. Kuanzia miaka ya 90 vijiji vikaunda klabu zao wenyewe za kuwalinda, kama ile ya Kidike, mgeni akija kutazama analipa na fedha zinabaki kijijini. Wakaongezeka kupita 20,000, na wakashushwa daraja kutoka kwenye hatari ya juu kabisa.

Hakuna aliyewafungia watu mlango. Wao ndio walioushika ufunguo.

---

Sangara_Mkavu

Wadau, mmezunguka milimani na visiwani mkaruka Ziwa Victoria, kwenye msiba mkubwa kuliko yote mliyotaja.

Furu. Ndiyo, furu, yule samaki mdogo ambaye leo watu wa mjini hawamjui. Ziwa lilikuwa na aina kama 500 za furu, karibu zote hazipatikani kwingine. Kuna wa kula konokono, wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kula mayai ya wenzao, hata wa kunyonya vifaranga kutoka mdomoni mwa mama anayewatunza. Miaka ya 50 na 60 sangara akaingizwa ziwani. Kwa miaka kadhaa hakuna kilichoonekana. Miaka ya 80 akalipuka, na ghuba ya Mwanza ikawa nyavu zinatoa sangara tu. Aina kama 200 za furu zikapotea.

Ila msimlaumu sangara peke yake. Maji yenyewe yalichafuka kwa mbolea, tope la mashamba na taka za mijini. Furu jike huchagua dume kwa rangi, mwekundu kwa mwekundu, wa bluu kwa wa bluu. Maji yakiwa na ukungu haoni rangi, anachanganya, na aina mbili zinageuka moja. Hakuna aliyevuliwa, hakuna aliyeliwa, lakini aina imekufa. Mimi hili linanikosesha usingizi kuliko sangara.

---

Bin_Shomari

Aina 500 za furu, mzee, nani angezila zote?

Lakini ngoja. Sangara alileta viwanda vya minofu, ajira, dola. Watu wa Mwanza wamejenga nyumba kwa mgongo wa sangara. Mtawaambia nini?

---

Sangara_Mkavu

Sitawaambia kitu, hata mimi nimesomeshwa na sangara. Ila jiulize nani alipata nini. Minofu ikapanda ndege, mgongo na kichwa vikabaki kwa mwenyeji, ndiyo mapanki hayo. Furu alikuwa anaanikwa juani na mama mwenye mtumbwi mmoja. Sangara ni wa mafuta, anataka kukaushwa kwa moto, kwa hiyo kuni, kwa hiyo miti ya pembezoni ya ziwa. Unaona inavyozunguka?

Sangara walipoanza kupungua kwa kuvuliwa kupita kiasi miaka ya 90, baadhi ya furu wakaanza kurudi. Si wote. Wale wa kula samaki wenzao, wakubwa wakubwa, wengi hawajaonekana tena.

---

Kwale_wa_Ndundulu

Sangara_Mkavu, asante, umeniongezea kitu ambacho sikukiweka kwenye mada. Kihansi ilikuwa hekta mbili, Victoria ni ziwa la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi. Kwa hiyo udogo wa eneo si kila kitu. Kinachofanana ni kwamba pote pawili uamuzi ulifanyika kabla ya mtu kuuliza humo ndani kuna nani.

Na ndiyo maana mimi kila nikisikia mradi mpya wa barabara, bwawa au shamba kubwa karibu na misitu ile, swali langu la kwanza ni: nani amekaa humo usiku na mchana, kiangazi na masika, akaandika kilichopo? Ripoti ya wiki mbili za kiangazi haiwezi kumkuta chura anayejificha mpaka mvua inyeshe.

---

Mtoto_wa_Mangula

Na mkikaa humo, chukueni kijana wa kijijini mumlipe kama mtaalamu, si kama mbeba mizigo.

---

Kwale_wa_Ndundulu

Hii iwekwe kwenye mkataba kabisa.

---

Mzururaji wa Kusini

Mimi nipo Dar. Milima iko mbali, nauli hakuna. Kuna mnyama wa aina hii karibu?

---

Kwale_wa_Ndundulu

Yupo. Komba wa Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Anaishi kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani, kuanzia Lindi mpaka huku kwenu: Pande, na Pugu na Kazimzumbwi. Aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya nyani, kima na komba 25 walio hatarini zaidi duniani. Adui yake ni tanuri la mkaa. Gunia linalotoka Kazimzumbwi linafika Gongo la Mboto asubuhi ileile.

---

Mzururaji wa Kusini

Duh, mimi naishi karibu na Pugu na sijawahi kumsikia. Mchana anaonekana?

---

Kwale_wa_Ndundulu

Hapana, mchana amelala. Utatakiwa uombe kibali kwa watu wa misitu na uongozane na mlinzi, usijiingilie usiku mwenyewe. Chukua tochi yenye mwanga mwekundu, mweupe unamsumbua macho. Na usitafute kwa macho kwanza. Kaa kimya, sikiliza. Sauti yake inajirudiarudia kwa mafungu, na ndiyo inayomtofautisha na komba wengine waliomo humo, maana kwa umbo gizani wote utawaona sawa. Ukimrekodi, weka hapa tusikilize.